Masazo ya Uwashaji: Maana Yake na Jina Lake

Katika mambo yanayomsumbua mtu atumiaye kompyuta nyumbani, asiye fundi wala mwanafunzi wa fani hiyo, limo hili la programu iliyokwisha kuondolewa ambayo kila mashine iwashwapo huendelea kuitwa kana kwamba ingalipo. Nalo jambo hili, ijapokuwa limeenea katika nyumba nyingi, halijapata jina la Kiswahili linalokubaliwa na wote, bali huelezwa kwa mafungu ya maneno, huyu akisema “mabaki”, yule akisema “uchafu wa kompyuta”, na wa tatu akinyamaza na kuipeleka mashine kwa fundi. Azma ya makala haya ni kulipatia jina, na kabla ya jina kulibainisha jambo lenyewe, kwa maana istilahi isiyotanguliwa na ujuzi wa kitu humpotosha msomaji badala ya kumwongoza.

Katika zama za MS-DOS palikuwa na faili iitwayo AUTOEXEC.BAT, nayo ilikuwa maandishi matupu, kila mstari na amri yake, ambayo kompyuta iliyasoma kutoka juu hata chini kila ilipowaka na kuyatekeleza. Mtu asiyetaka programu fulani iitwe aliufuta mstari wake kwa mkono wake, na kazi ikaisha. Tangu Windows 95, iliyotoka mwezi wa Agosti 1995, amri hizo aghalabu hukaa ndani ya hazina ya kumbukumbu za mfumo iitwayo Registry, ambayo yatufaa kuiita masjala, kwa kuwa neno hilo tayari latumika katika afisi za serikali kwa mahali yanapohifadhiwa majalada. Humo mna orodha iitwayo Run, tena si moja: iko ya watumiaji wote, na iko ya kila mtumiaji peke yake, fauka ya hizo kuna folda ya Startup, kuna kazi zilizopangiwa wakati wake, na kuna huduma zinazoanza kabla mtu hajaandika hata nywila yake. Walakini kilichomo katika orodha hizo si programu. Ni amri: jina, na njia ya kuelekea mahali faili ya programu ilipowekwa.

Neno tulilokwisha kulizoea kwa tendo la kuiweka programu ndani ya kompyuta ni “kusakinisha”, nalo ni neno jema, kwani kusakini ni kukaa mahali na kupafanya makao, na “maskani” ni neno la shina hilohilo. Basi programu iliyosakinishwa ni kama mpangaji aliyepewa chumba, na jina lake likaandikwa katika orodha ya watu wa kuamshwa kila alfajiri. Akihama, chumba kitakuwa kitupu, lakini jina lisipofutwa, mwamshaji ataendelea kila siku kuugonga mlango wa chumba kisicho na mtu.

Ugumu huanza tunapotaka neno la tendo la kinyume. Kiswahili kina kauli ya kutendua, ambayo ni miongoni mwa hazina zake: afungaye hufungua, azibaye huzibua, ategaye hutegua, na kuli wa bandarini apakiaye shehena ndiye aipakuaye. Kwa mwendo huo wako wanaosema “kusakinusha”, na wako wanaosema “kusanidua”. Maumbo haya yana mvuto, lakini yabeba ahadi kubwa, maana kauli ya kutendua humwambia msikilizaji kuwa hali imerejea ilivyokuwa awali. Fundo lililofunguliwa si fundo tena. Mtu akisema “nimeisakinusha”, sisi husadiki kwamba hakikubaki kitu, ilhali mara nyingi kimebaki.

Sababu za kubaki kwake ni bayana. Kiondoaji cha programu huandikwa na mtengenezaji wa programu hiyohiyo, nacho hufuta kile tu kilichoagizwa kukifuta. Mtengenezaji akisahau orodha moja, orodha hiyo husalimika. Kadhalika kuna programu ambazo huja na msaidizi wa kutafuta matoleo mapya, naye husakinishwa peke yake ili awahudumie ndugu kadha wa kampuni moja, hata mkubwa akiondoka yeye husalia. Na iko sababu ya tatu, inayohusu hususan kompyuta ya familia: mama akiisakinisha programu kwa akaunti yake, na mwanawe akaja kuiondoa kwa akaunti yake yeye, amri iliyoandikwa katika orodha ya mama yaweza isiguswe, kwa kuwa wakati huo orodha ya mama haikuwa imefunguliwa; kesho mama akiingia huenda akapokewa na kidirisha cha kumwarifu kuwa faili fulani haikuonekana, naye hajui ameulizwa nini wala ajibu nini.

Kitu hicho kilichobaki ndicho ninachopendekeza kiitwe “masazo ya uwashaji”, na kimoja chake “sazo la uwashaji”. Sikuchagua “mabaki” wala “masalio”, ijapokuwa si makosa, kwa sababu kitu husalia chenyewe, lakini husazwa na mtu. Asemaye “masazo” amekwisha kukiri kwamba yuko aliyeyasaza, ambaye hapa ni mtengenezaji aliyeandika kiondoaji pungufu, na kwamba yuko awezaye kuyamaliza. Neno “uwashaji” nalo latosha, kwani hakuna mwenye kompyuta asiyesema kuiwasha na kuizima.

Na tulitazame sazo moja kwa karibu. Fungua Task Manager kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha uende kwenye ukurasa wa Startup, uliomo humo tangu Windows 8 ya mwaka 2012. Yamkini utaona mstari usio na alama wala mtengenezaji, jina lake “Program” tu. Watu wengi wakiuona hudhani ni kirusi, na aghalabu si kirusi. Asili yake ni nafasi tupu iliyo kati ya maneno mawili. Chukua mathalan amri inayosema C:\Program Files\Muziki\cheza.exe, iliyoandikwa bila alama za kunukuu: Windows haina hakika jina la faili limeishia wapi, basi hujaribu kwanza kusoma hadi kwenye nafasi ile, ikapata “C:\Program”. Madhali faili yenyewe ingalipo, njia hutimia mwishowe. Lakini faili ikiisha kuondolewa, kinachosalia kuonyeshwa ni kile kipande cha mwanzo. Na hapa pana jambo la hadhari: mtu mwovu akipata uwezo wa kuweka faili iitwayo Program.exe pale kwenye mzizi wa diski, amri ile iliyosazwa yaweza kuiita hiyo. Ndiyo maana Windows yenyewe humwonya mtumiaji inapokuta faili au folda yenye jina la Program mahali pale.

Insafu yataka tuseme pia kwamba masazo si yote mamoja. Liko sazo tupu, amri isiyo na faili, ambalo halili kumbukumbu ya mashine wala haliicheleweshi kwa kiasi cha kuhisiwa, bali dhara yake yaweza kuwa kidirisha cha malalamiko na ule mwanya wa mtu mwovu uliotajwa hapo juu. Na liko sazo hai, yaani msaidizi aliyeachwa nyuma na angali akifanya kazi, naye ndiye alaye kumbukumbu na kuchelewesha uwashaji, hasa katika kompyuta kuukuu yenye gigabaiti nne tu. Mwenye kutofautisha haya mawili hatailaumu amri tupu kwa uzito ambao haikuuleta.

Kuyaondoa kwataka taratibu. Kwanza tuandae nukta ya kurejesha mfumo, ili tukikosea tupate njia ya kurudi. Kisha tukumbuke kwamba kuzima si kufuta: amri iliyozimwa ndani ya Task Manager hubaki katika masjala, ila imewekewa alama ya kutotekelezwa. Heri kuanza kwa kuzima, tukaacha siku chache zipite, na tukiona hakuna lililoharibika ndipo tukafuta. Kwa kufuta, chombo kinachoaminiwa zaidi ni Autoruns, kilichotungwa na Mark Russinovich na Bryce Cogswell wa Sysinternals, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2006. Chatolewa bure, chakusanya karibu kila mahali amri ya uwashaji iwezapo kukaa, na huzipaka rangi ya manjano zile ambazo faili zao hazionekani. Ndani yake mna uwezo wa kuficha amri za Microsoft, na asiye mzoefu afanye hivyo kabla ya kugusa chochote. Programu za kinga ya virusi zina vyombo vyao vya kuondolea, vitolewavyo na watengenezaji wao, na ni bora kutumia hivyo. Ama zile programu zinazojinadi kuwa husafisha masjala yote kwa mbonyezo mmoja, Microsoft yenyewe haiziungi mkono, nasi hatuna haja nazo.

Wenye kompyuta za Apple wasijione wamesalimika, kwani kuitupa programu kwenye pipa la taka hakufuti faili zake zilizomo katika folda za LaunchAgents na LaunchDaemons. Nazo pia ni masazo, na jina hili lazienea.

Nimelishikilia jambo hili kwa sababu ya gharama yake. Mafundi wetu mitaani, wapatapo kompyuta inayotoa vidirisha vya malalamiko, mara nyingi huamua kupiga window, yaani kufuta kila kitu na kusakinisha mfumo upya, na katika kufanya hivyo picha za familia na barua za miaka hupotea, kwa ajili ya mstari mmoja ambao ungefutwa kwa dakika moja. Lau mteja angekuwa na neno la kumwambia fundi kwamba yadhaniwa ni sazo la uwashaji, fundi angetazama hapo kwanza.

Kwa hiyo nawaomba watunzi wa istilahi, na walimu wa kompyuta mashuleni, na wale wanaotafsiri mifumo kwa Kiswahili, watenge matendo mawili kwa maneno mawili: “kuondoa” liwe la kutoa faili za programu, na “kusakinusha” lihifadhiwe kwa kazi iliyotimia, faili zimetoka na amri zimefutwa. Nawe msomaji, uondoapo programu leo, usifunge kompyuta kabla hujatazama orodha ya uwashaji. Kama jina lake lingalimo, kazi hujaimaliza.