Meja Martin: Uongo wa Vita Uliohamia Kwenye Filamu

Tarehe 30 Aprili 1943, mvuvi wa Huelva, kusini mwa Hispania, aliopoa maiti yenye sare ya wanamaji wa Uingereza. Maiti hiyo ilishushwa baharini na nyambizi ya Waingereza wenyewe. Mkoba wake ulikuwa na barua ya jenerali mmoja kwa mwenzake, ikidokeza kwamba Washirika wangeshambulia Ugiriki na Sardinia. Hispania haikuwa vitani, lakini maofisa wake waliwapenyezea Wajerumani siri hiyo. Hitler akaimarisha ulinzi wa Ugiriki. Julai, Washirika wakatua Sisilia.

Hila hiyo ilisukwa na Ewen Montagu, mwanasheria aliyekuwa katika ujasusi wa jeshi la majini, na Charles Cholmondeley wa jeshi la anga. Walimbuni “Meja William Martin” kama mtunzi anavyombuni mhusika: wakamtilia mifukoni picha na barua za mchumba, vipande vya tiketi za thieta, hata barua ya benki ikimdai. Si ajabu sinema ilimtamani.

Filamu ya The Man Who Never Was, iliyoongozwa na Ronald Neame, ilitoka mwaka 1956 kutokana na kitabu cha Montagu mwenyewe. Montagu anaonekana humo kidogo, akiigiza ofisa anayeutilia shaka mpango! Sehemu inayokata pumzi kuliko zote ni ile ya jasusi wa Kiayalandi, anayeigizwa na Stephen Boyd, anayetumwa London kuchunguza kama Martin aliwahi kuishi. Jasusi huyo hakuwahi kuwapo.

Hilo nalisamehe. Nisilolisamehe ni baba anayeombwa mwili wa mwanawe na kukubali kwa uchungu. Marehemu halisi alikuwa Glyndwr Michael, fukara wa Wales asiye na makazi, aliyekufa London Januari 1943 kwa sumu ya panya. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kufariki. Hakuna baba aliyeombwa. Filamu iliwatuliza watazamaji kwa ridhaa ya kubuni, na jina la Glyndwr lilifichuka mwaka 1996 tu, kisha likaongezwa kaburini Huelva mwaka 1998.

Mwaka 1958 ikaja filamu nyingine ya hila za vita hivyo, I Was Monty's Double. Clifton James, mwigizaji aliyejifanya Jenerali Montgomery wa Uingereza huko Gibraltar na Afrika Kaskazini kabla ya Washirika kutua Normandy, aliigiza nafsi yake na Montgomery pia. Hapo napo watengenezaji wakapachika jaribio la Wajerumani la kumteka.

Operation Mincemeat ya John Madden, ya mwaka 2021, inayorudia kisa cha Meja Martin, inamtaja Glyndwr waziwazi, halafu inapoteza muda mwingi kwa mapenzi ya watu watatu yaliyotungwa, kana kwamba kisa chenyewe hakitoshi. Kwa ufundi, ile ya 1956 bado inaishinda. Itazame, ila mtoe huyo baba kichwani.