Malezi ya Mwanzo ya Upadri: Funzo la Maniema

Mwongozo wa Vatikano wa Desemba 2016 unamtaka kila kijana anayeelekea upadri apitie kwanza kipindi cha malezi ya awali, mwaka mmoja hadi miwili, kabla ya kuanza falsafa. Jimboni Kindu, Maniema, kama kwingineko Kongo, wapo wanaokiona kipindi hicho kuwa nyongeza tu. Historia ya mashariki ya nchi yasema vingine, kwa kuwa huku upadri ulianza kwa kusubiri. Stefano Kaoze, Mkongo wa kwanza wa nyakati hizi kupewa upadri, aliwekewa mikono huko Baudouinville, Moba ya leo, tarehe 21 Julai 1917, baada ya zaidi ya miaka 10 ya Kilatini, falsafa, teolojia na kupimwa. Katika seminari za Askofu Victor Roelens na Mapadre Weupe, sala, ukimya, mafungo na utii vilihesabiwa sawa na masomo.

Mtu anaweza kupinga kwamba urefu huo ulitokana na shaka ya mkoloni juu ya Mwafrika. Kuna ukweli hapo. Kaoze aliandika uchunguzi wake juu ya saikolojia ya Wabantu mnamo 1910, miaka saba kabla ya upadrisho. Akili yake haikuhitaji ushahidi zaidi. Papa Benedikto XV naye, katika waraka wake wa Novemba 1919, alikataa mapadri wenyeji waandaliwe kuwa wasaidizi tu wa wageni. Lakini lawama hiyo yawahusu walezi na nia zao. Haithibitishi kwamba moyo wa kijana hukomaa kwa haraka.

Historia ya Kindu ndiyo inayolipima jambo hili. Vikarieti yake iliundwa 1956, ikawa jimbo 1959, na utulivu haukudumu. Tarehe 1 Januari 1962 wanajeshi waliwaua wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu huko Kongolo, mji uliounganishwa na Kindu kwa reli tangu enzi za Wabelgiji. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliiteka Kindu yenyewe. Mwaka 1972 utawala wa Mobutu ulidai vijana wa chama chake, JMPR, wawe na matawi hata ndani ya seminari. Kila mara kilichotikiswa kilikuwa nguzo ya nje: mmisionari, usalama, uhuru wa nyumba ya malezi. Frateri, yaani mseminari, aliyesali kwa sababu kengele imelia hakuwa na pa kushika. Aliyezoea kusali peke yake alikuwa napo.

Yasemwa pia kwamba parokia zina upungufu wa mapadri, hivyo mwaka mzima ni hasara. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliijua shida hiyo, na bado mwaka 1965 ulipendekeza muda wa kutosha wa malezi ya kiroho. Parokia hungoja padri mwaka mmoja zaidi. Padri asiye na mizizi huigharimu miaka mingi. Kinachopaswa kurekebishwa ni kosa la zamani la kumtenga kijana na watu wake. Maniema ni nchi ya Waislamu wengi na ya Kiswahili cha Kingwana. Frateri ajifunze kusali katika lugha hiyo, akae na wakristo wa jumuiya ndogondogo za parokia, na awajue jirani zake Waislamu kabla hajafungua kitabu cha falsafa. Maaskofu na walezi wasiufupishe mwaka huo, waujaze.