Girofle

Girofle ni neno la Kifaransa lenye maana ya karafuu, yaani tumba la ua la mkarafuu (Syzygium aromaticum) linalochumwa kabla halijachanua, kisha likakaushwa. Mti wenyewe Wafaransa huuita giroflier.

Asili ya neno

Girofle limetoka katika Kilatini caryophyllum, lililotokana na Kigiriki karyophyllon. Wataalamu wengi hulihusisha neno hilo la Kigiriki na qaranful la Kiarabu, ambalo ndilo lililozaa karafuu ya Kiswahili. Hivyo girofle na karafuu ni maneno ya ukoo mmoja yaliyopita njia mbili. Nchini Madagaska, neno la Kifaransa limegeuka jirofo.

Maneno mengine

Punje moja huitwa clou de girofle, yaani msumari wa karafuu, kwa umbo lake: kijiti chembamba chenye kichwa cha duara kilichoshikwa na meno manne. Waajemi nao huiita mikhak, msumari mdogo. Kutokana na clou Waingereza walipata clove. Giroflée ni ua la bustanini lililopewa jina hilo kwa harufu yake.

Mti na Pemba

Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikisha kuletwa kwa miche Mauritius, iliyokuwa chini ya Ufaransa. Mwanzoni mwa karne ya 19 mikarafuu ilifika Unguja kutoka visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi. Saleh bin Haramil al-Abri hutajwa miongoni mwa walioileta. Mti ulitoka kwa Wafaransa, lakini jina lililotumika likabaki lile la Kiarabu.

Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba haikuumia kiasi hicho, na tangu hapo ndiyo inayotoa karafuu nyingi zaidi za Zanzibar.

Msimu wa uchumaji unapofika, vishada hushushwa na watu hukaa pamoja kuchambua, matumba upande huu na makonyo, yaani vijiti vya vishada, upande ule. Matumba huanikwa juani kwenye majamvi hadi yageuke rangi ya kahawia, kisha huuzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC). Makonyo nayo hayatupwi: hupelekwa kiwandani Wawi, karibu na Chake Chake, yakatolewa mafuta. Jasho la wachumaji na wachambuzi hao ndilo lililoipa Zanzibar jina lake katika biashara ya viungo duniani.