Mlingoti na Kamba Zake

Mtu aliyezoea merikebu za Ulaya, atazamapo mashua au jahazi la pwani ya Afrika Mashariki, aweza kudhani kuwa mlingoti wake haukufungwa barabara. Kamba zinazoushika ni chache, tena ni za kuhamishwa. Lakini uchache huo haukutokana na upungufu wa elimu. Sababu yake imo katika tanga.

Tanga la pembe tatu hutundikwa katika foromali, mti ulio mrefu kuliko mlingoti wenyewe. Chombo kinapobadili upande wa upepo, foromali husimamishwa na kupitishwa mbele ya mlingoti. Kamba ya kudumu kutoka kileleni hadi omo ingeiziba njia hiyo. Kwa hiyo mafundi waliuinamisha mlingoti mbele kidogo ili foromali ining'inie mbali nao. Mguu wake wakauweka katika gogo lenye tundu, chini ngamani, na kiwiliwili wakakifunga katika boriti nene inayokatiza chombo. Jarari, kamba ya kupandishia foromali, ilifungwa nyuma, ikafanya kazi mbili: kubeba tanga na kuuzuia mlingoti usianguke mbele.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Kila chombo kilipogeuka, ilipasa kamba zihamishiwe upande wa pili kabla upepo haujalishika tanga. Aliyechelewa aliuhatarisha mlingoti. Ndiyo maana manahodha walipendelea kugeuza kwa kuupa upepo tezi, ijapokuwa walipoteza masafa. Alan Villiers, Mwaustralia aliyesafiri katika chombo cha Kuwait hadi Zanzibar na Rufiji mwaka 1939, alishuhudia jinsi kazi hiyo ilivyodai mikono mingi.

Ulaya ilishika njia nyingine. Mwaka 1834 Wilhelm Albert alitengeneza kamba ya waya kwa migodi ya Harz, Ujerumani, na kabla karne ile haijaisha waya ulikuwa umechukua mahali pa katani katika kushikilia milingoti. Waya haunyumbuki kama kamba ya makumbi. Hivyo mlingoti mwembamba ulitosha, na watu wachache. Lakini waya mmoja ukikatika, mlingoti mzima waweza kuanguka, na waya hausokotwi kijijini. Kamba ya makumbi hutoka katika minazi iliyo karibu na ufuko.

Basi haifai kuipima njia moja kwa kipimo cha nyingine. Moja iliweka nguvu katika chuma, nyingine katika mti mnene na mikono ya watu. Mashini zilipoingia majahazini mikono hiyo ilipungua. Na elimu iliyokaa mikononi kuliko vitabuni hupotea upesi pindi mikono inapokosa kazi.