Deni la Aliyelipiwa Karo

Katika nchi ya Migori, upande wa kuelekea mpaka wa Tanzania, pana kituo cha biashara kiitwacho Masara. Ardhi ya huko ina dhahabu, na habari za dhahabu hiyo si za jana. Tangu miaka ya 1930 Wazungu walifika katika pande hizo wakitafuta madini, na huko Macalder, si mbali na Masara, kampuni ya kigeni ilichimba dhahabu na shaba mpaka mwaka 1966, ndipo ilipofunga mgodi na kwenda zake. Mashimo yalibaki, na vilima vya mchanga uliokwisha kusagwa vikabaki pia. Hata leo vijana wa Masara na wa vijiji jirani wangali wakishuka chini ya ardhi kwa kamba na tochi, na miongoni mwao wamo watoto ambao saa ile ile wenzao wamo darasani.

Nimeanza na dhahabu kwa kuwa insha hii yahusu mali ya makampuni, na hasa ile sehemu ndogo ya mali ambayo kampuni huitenga kwa ajili ya hisani. Siku hizi makampuni makubwa ya Kenya yana wakfu zake, yaani mifuko maalumu ya kutendea wema. Kampuni ya simu ya Safaricom iliunda wakfu wake mwaka 2003, na benki ya Equity iliunda wake mwaka 2008. Kazi mojawapo ambayo wakfu za namna hii hujivunia ni kulea viongozi: humlipia karo mtoto maskini mwenye akili, kisha humfundisha ya kwamba elimu aliyoipata si yake peke yake. Maneno hayo ni matamu kusikia. Lakini je, kiongozi mwenye kuwajali watu aweza kulelewa kwa fedha za matajiri? Na akiisha kulelewa, ni nani anayemdai? Swali hili ni la zamani kuliko benki na simu zetu, na kwa watu wa Homa Bay na Migori historia yake yapita katika kisiwa cha Rusinga.

Wazazi wa Bwana Tom Mboya walikuwa watu wa Rusinga, ingawa yeye mwenyewe alizaliwa mwaka 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake alikuwa akifanya kazi katika shamba la mkonge. Alisoma Kabaa, kisha Yala, kisha Mang'u. Alikuwa na akili nyepesi, lakini karo ya kumalizia shule ya sekondari haikupatikana, akaenda Jeanes School huko Kabete kujifunza kazi ya ukaguzi wa afya. Yafaa tulikumbuke jambo hili tunaposoma yaliyofuata. Mtu ambaye baadaye alibisha milango ya Marekani akiwaombea wenzake nafasi za masomo alikuwa amekwisha kuonja kukosa.

Kufikia mwaka 1959 ilionekana wazi kwamba Uhuru hauko mbali, na ilionekana vile vile kwamba nchi haina watu wa kutosha wa kuiendesha. Chuo Kikuu cha Makerere kilihudumia Afrika Mashariki yote, na chuo cha ufundi cha Nairobi, Royal Technical College, kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1956 tu. Nafasi zilikuwa chache mno. Mboya, aliyekuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria na kiongozi wa wafanyakazi, alizunguka Marekani mwaka huo akihutubia watu na kuvisihi vyuo viwapokee vijana wa Kiafrika. Vyuo vingi vilikubali, na nafasi za masomo zikapatikana. Nauli haikupatikana.

Hapo ndipo hisani ilipoingia. Rafiki yake Mboya, William Scheinman, mfanyabiashara wa vipuri vya ndege, alishirikiana na wenzake kuunda wakfu ulioitwa African American Students Foundation. Jackie Robinson, mchezaji mashuhuri wa besiboli, pamoja na mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, walitia sahihi barua za kuwaombea wanafunzi fedha, na Wamarekani wakatoa. Mwezi wa Septemba 1959 ndege moja ikaondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81.

Msomaji asidhani ya kwamba fedha zote zilitoka ng'ambo. Mwanafunzi alitakiwa awe na kitu mkononi cha kuanzia maisha ugenini, na kwa watu wa vijijini kitu hicho kilikuwa kikubwa. Ng'ombe waliuzwa. Mikutano ya michango ilifanywa, wanawake wakatoa senti za mboga na samaki, wazee wakatoa mbuzi. Kijana alipopanda ndege alikuwa amebeba, pamoja na sanduku lake, hesabu ya majirani zake wote. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu ya habari hii iliyo muhimu kuliko zote, nayo ndiyo husahauliwa na wale wanaopenda kutaja majina makubwa tu.

Na majina makubwa hayakukosekana, hasa mwaka uliofuata. Mwaka 1960 wanafunzi walioteuliwa walikuwa mamia, kutoka Kenya na nchi nyingine za Afrika, na fedha zilikuwa zimekwisha. Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje ya Marekani iliombwa msaada ikakataa. Mwezi wa Julai Mboya alikwenda Hyannis Port kuonana na Seneta John Kennedy, aliyekuwa anagombea urais. Familia ya Kennedy ilikuwa na wakfu wake, uliopewa jina la Joseph, ndugu yake mkubwa aliyeuawa katika Vita Vikuu vya Pili, na wakfu huo ukakubali kutoa dola 100,000. Haukupita muda, na Wizara ile ile iliyokataa ikageuka na kutoa ahadi ya dola 100,000, kwa kuwa Richard Nixon, aliyekuwa Makamu wa Rais na mshindani wa Kennedy, alikuwa ameingilia kati. Seneta Hugh Scott akasimama katika Senati akamlaumu Kennedy kwamba anatumia fedha za hisani kujipatia kura. Kennedy naye akajibu kwa ukali. Basi vijana wa Rusinga, wa Nyeri na wa Machakos, ambao hawakuwa na kura hata moja huko Marekani, wakawa mpira uliokuwa ukipigwa huku na huku na vyama viwili.

Je, Kennedy alitoa kwa upendo au kwa kutafuta kura za Wamarekani weusi? Sioni sababu ya kuamini kwamba mtu hawezi kuwa na nia zote mbili kwa wakati mmoja. Mwanafunzi wa historia atakutana mara nyingi na watoaji wa aina hiyo, na akikataa kila zawadi ambayo mtoaji wake ana faida nayo, zawadi zitakazobaki ni chache sana. Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na lawama zake: ilisema kwamba baadhi ya vyuo vya Marekani ni vya hali ya chini, na kwamba vijana hawa watarudi na karatasi zisizo na thamani. Lawama hiyo haikuwa uwongo mtupu, kwani vyuo havikulingana. Lakini wenye kulaumu ndio waliokuwa na nafasi nyingine mikononi mwao, wala hawakuzitoa.

Katika miaka michache hiyo wanafunzi karibu 800 walisafiri kwa njia ya mpango huu. Mmoja wao, aliyeondoka mwaka 1960, alikuwa msichana wa Nyeri aitwaye Wangari Muta, ambaye ulimwengu ulimjua baadaye kama Wangari Maathai. Alisoma katika chuo cha watawa huko Atchison, jimbo la Kansas, akarudi, akaanzisha mwaka 1977 kazi ya kupanda miti pamoja na wanawake wa vijijini, akapigwa kwa ajili ya msitu wa watu wote, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Watu hupenda kumtaja pia Barack Obama, baba yake rais wa 44 wa Marekani, ambaye ukoo wake ni wa pande za Kendu Bay. Yeye alikwenda Hawaii mwaka 1959, lakini hakuwa ndani ya ndege ile ya kwanza, ingawa wengi wamekwisha kuandika hivyo.

Maathai alidaiwa na nani? Wakfu wa Kennedy haukumtumia hati ya madai. Serikali ya nchi yake, iliyokuwa ikihitaji wasomi wakati alipoondoka, baadaye ilimwona msumbufu. Waliomdai walikuwa akina mama waliokosa kuni na maji, naye aliwalipa. Wengine waliosafiri kama yeye walirudi wakakaa katika viti vya Wazungu, wakachukua na desturi za viti hivyo. Nauli ilikuwa ya namna moja kwao wote.

Mboya mwenyewe aliuawa kwa risasi mjini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, naye amezikwa Rusinga.

Miaka mingi ikapita, na karo ikaendelea kuwa mzigo wa jamaa na wa harambee. Elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bila malipo mwaka 2003, na mwaka 2008 Serikali ikaanza kulipia masomo ya sekondari za kutwa. Lakini shule ya bweni, pamoja na vitabu, sare, godoro na nauli, ilizidi kuwashinda maskini. Katika pengo hilo iliingia benki ya Equity. Asili yake ni chama cha akiba na mikopo ya nyumba kilichoanzishwa mwaka 1984 katika nchi ya Murang'a. Mwaka 1993 chama hicho kilihesabiwa kuwa kimefilisika. Kikaokolewa na kazi ngumu na akiba za watu wadogo wadogo, kikawa benki kamili mwaka 2004. Tangu mwaka 1998 kilikuwa kimeanza kuwachukua wanafunzi waliofaulu vizuri zaidi katika wilaya zao, kikiwapa kazi ya mshahara kabla ya kuingia chuo kikuu. Mwaka 2010, ikishirikiana na wakfu wa Mastercard, ambao makao yake ni Toronto, nchini Kanada, benki hiyo ilianzisha mpango uitwao Wings to Fly, yaani mabawa ya kurukia. Vijana zaidi ya 20,000 wamekwisha kusomeshwa sekondari kwa mpango huo.

Jinsi wanavyochaguliwa yastahili kuangaliwa, maana ubora na udhaifu wa mambo haya hukaa hapo. Mtoto hujaza fomu yake, kisha huitwa mbele ya kamati ya watu wa mahali pale: mwalimu, kiongozi wa dini, mtu wa utawala, mtu wa benki na wengineo. Watu huenda mpaka nyumbani kwake kuona kama umaskini alioueleza ni wa kweli. Hata anapokuwa shuleni hana budi kuonyesha matokeo yake, na wakati wa likizo hukutanishwa na wenzake kufundishwa uongozi. Twaweza kusema kwamba deni ambalo mwaka 1959 lilijulikana bila kutajwa, sasa limeandikwa na kupangiwa ratiba.

Faida ya kamati ni kwamba majirani wanajua. Mtoto wa chifu mwenye ng'ombe mia hawezi kuvaa matambara siku moja akawadanganya watu waliokua pamoja na baba yake. Hatari yake ni kwamba majirani nao wana jamaa na urafiki, na anayeketi kwenye kamati aweza kuombwa pembeni. Hatari nyingine ni ya kimya zaidi. Kijana aliyevishwa sare na kampuni, akapigwa picha chini ya bendera ya kampuni, akatajwa kila mwaka katika taarifa za kampuni, aweza kudhani kwamba uongozi maana yake ni kuishukuru kampuni. Shukrani ni adabu, na asiyeshukuru hana malezi. Hata hivyo benki ilipata wapi fedha hizo? Ilizipata kwa wakulima wa chai, kwa wachuuzi wa samaki wa Homa Bay na Muhuru, na kwa akina mama wa vikundi vya akiba waliolipa riba ya mikopo yao. Taarifa ya mwaka huitaja benki na mshirika wake kwa majina. Mama wa kikundi cha akiba hatajwi.

Hapa nairudia Masara, kwa kuwa huko jambo lenyewe laonekana waziwazi. Kampuni iliyochimba Macalder haikuwaachia watu wa pale wakfu wa kusomesha watoto wao. Hata kama ingeacha, sadaka hiyo isingekuwa sawa na haki ya wenye ardhi. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 yasema kwamba katika mrabaha unaolipwa na mchimbaji, asilimia 70 ni ya Serikali ya taifa, asilimia 20 ni ya kaunti, na asilimia 10 ni ya jamii ya mahali panapochimbwa. Hiyo asilimia 10 haiombwi kwa barua ya unyenyekevu, wala haihitaji mtoto awe wa kwanza darasani. Lakini yahitaji watu wa kuisoma sheria, kuhesabu gramu, kuuliza fedha zimefika wapi, na kusimama barazani mbele ya chifu na mwenye kampuni bila kutetemeka.

Watu wa namna hiyo hawaoti wenyewe. Pengine mmoja wao yuko sasa katika shule ya bweni, karo yake ikilipwa na benki, na kila likizo anarudi nyumbani Masara na kuwakuta wadogo zake wakiosha mchanga wa dhahabu katika karai.