Andiko la Kuchongwa na Kipande Chake

Mwulize fundi wa mawe karibu na soko la Gakoromone, mjini Meru, akuonyeshe marumaru. Huenda akakuelekeza kwenye jiwe la kaburi lililosuguliwa likang'aa, lenye jina la marehemu na miaka yake miwili. Huo ni mwanzo mzuri wa istilahi yetu. Wanaakiolojia wanaochimba Athens hutoa ardhini mawe ya jinsi hiyo, yaliyochongwa herufi za Kigiriki ili mpita njia asome. Tofauti ni kwamba mengi yao yamevunjika.

Elimu ya kuyasoma huitwa epigrafia, na jina hilo sina ugomvi nalo. Shida ni kukitaja kitu chenyewe. Ukisema nakshi, Mswahili ataona pambo la mlango wa Lamu. Ukisema kigae, ataona chungu kilichovunjika, na wachimbaji wa Pwani wanalihitaji neno hilo kwa vyungu hasa. Mimi nasema andiko la kuchongwa. Likivunjika, kipande cha andiko.

Neno kipande lisidharauliwe. Kuanzia mwaka 454 KK Waathene walichonga kwenye marumaru orodha ya sehemu ya sitini ya michango ya miji washirika, iliyotengewa mungu wao Athena. Jiwe la kwanza la orodha hizo limeunganishwa upya kutoka vipande vipatavyo 180. Mafundi wa wakati huo mara nyingi walipanga herufi kwa safu za kulala na za wima, kama mahindi shambani, kwa hiyo msomaji wa leo huweza kuhesabu herufi ngapi zimepotea pembeni. Anachokijazia hukitia ndani ya mabano ya mraba. Herufi isiyosomeka vizuri huwekewa nukta chini. Kanuni hizo zinaitwa za Leiden, na ni za mwaka 1931. Ili kupata nakala, karatasi nzito huloweshwa, hubandikwa juu ya jiwe na kupigwa kwa brashi mpaka izame ndani ya herufi. Ikikauka hubanduliwa, nyepesi kabisa, na andiko zima liko juu yake.

Afrika Mashariki nayo ina habari yake. Mnamo mwaka 525 hivi, mfanyabiashara Cosmas alinakili maandishi ya Kigiriki huko Adulis, katika Eritrea ya leo. Moja lilikuwa kwenye kiti cha enzi cha marumaru nyeupe, la pili kwenye jiwe jeusi lililosimama nyuma yake. Cosmas aliyachukua yote mawili kuwa ya mfalme Ptolemy wa Tatu wa Misri, kumbe lile la kitini ni la mfalme wa Aksum. Mawe yenyewe yamepotea; tunategemea nakala yake, na wataalamu waliokuja baadaye ndio walioyatenganisha.

Je, istilahi hii inafaa mahali pasipo na marumaru? Inafaa. Kule Gedi, karibu na Malindi, kuna kaburi lililochorwa tarehe kwenye lipu yake: mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Hilo nalo ni andiko la kuchongwa, lipu au marumaru. Mwalimu wa historia wa Meru anayetaka wanafunzi waielewe epigrafia na aanzie Gedi, Athens itafuata.