Christopher Okigbo: sifa ya kufa kijana

Mashairi ya mataifa mengi yanapenda kumsifu anayekufa angali kijana. Mwingereza A. E. Housman, katika kitabu chake cha mwaka 1896, alimwandikia mkimbiaji aliyekufa mapema: ni kama anamwambia amefanya vizuri kuondoka mbele sifa yake haijazeeka. Ni maneno matamu. Lakini tuyapime kwa maisha ya mutu.

Christopher Okigbo alikuwa Mwigbo wa Nigeria, mwenye diploma kama sisi. Alisoma Kigiriki na Kilatini kwenye chuo kikuu cha Ibadan, akafundisha, akafanya kazi ya maktaba kule Nsukka. Mwaka 1966, kwenye tamasha kubwa la sanaa za watu weusi huko Dakar, alipewa zawadi ya mashairi, akaikataa: kwake shairi ni shairi tu, halina rangi ya ngozi. Mashairi yake ya mwisho yalikuwa yanaona vita kwa mbali, kama ngurumo mbele ya mvua.

Vita ya Biafra ikalipuka Julai 1967. Okigbo akaingia jeshini, akawa meja, na mwaka uleule akauawa karibu na Nsukka, pale pale alipokuwa akitunza vitabu. Hakufikisha hata miaka 40. Kitabu chake *Labyrinths* kilitoka 1971, yeye hayuko tena.

Mwaka huohuo, Ali Mazrui, mwana wa Mombasa aliyekuwa profesa Makerere, alitoa riwaya yenye kumweka Okigbo mbele ya tribinali ya wafu. Kosa lake? Kuacha kipaji cha watu wote ili afe kwa ajili ya kabila lake. Ni swali kali, lakini si la haki kabisa: watu wake walikuwa wameuawa kwa maelfu mwaka 1966. Ni nani angekaa tu na kalamu?

Jibu moja liko kwa rafiki yake Chinua Achebe. Yeye pia alikuwa upande wa Biafra, lakini aliitumikia kwa maneno, akisafiri kuitetea inje. Achebe alibaki hai, na mwaka 1978 akashiriki kutoa kitabu cha mashairi ya kumkumbuka Okigbo. Tuone vizuri hapo: sifa ya aliyekufa ilibebwa na yule aliyebaki. Bila walio hai, utukufu wa kaburini unaisha haraka kama umande.

Sisi vijana wa Kongo tunaijua vita, hatuhitaji kuelezwa. Kila siku kuna mwenye kutuambia kufa kijana ni heshima. Tumuheshimu Okigbo, ndiyo. Lakini tuhesabu pia mashairi ambayo hakuyaandika. Hayo hakuna mutu atakayeyasoma.

Ninyi munasemaje: Mazrui alikuwa na haki ya kumshitaki, ao hapana?